Uzoefu wangu: GIMP na gifsicle kwa saini ya imeli inayojiandika yenyewe

Wadau, natumia GIMP, programu ya bure ya kuchora na kuhariri picha, pamoja na gifsicle, kiprogramu cha bure cha kupunguza uzito wa picha zinazocheza za GIF, kutengeneza saini za imeli, zile ambazo jina linajiandika lenyewe kama kuna mtu kashika kalamu, na nyuma hakuna rangi yoyote. Niseme mapema tu, kwa kazi hii sijaona kitu cha bure kinachozifikia. Hazikubandikii nembo yao katikati ya picha kama zile tovuti za kutengeneza GIF, na ukishaziinstoli zinafanya kazi bila intaneti, kwa sisi wa kununua bando hilo sio jambo dogo.

Kuna watu wananiuliza kwanini GIF wakati APNG na WebP, aina nyingine za faili za picha zinazocheza, zipo na zina uwazi wa kweli, pikseli inaweza kuwa nusu inaonekana nusu haionekani. Ni kweli kabisa, ila programu nyingi za imeli zinaielewa GIF na hizo nyingine huna uhakika mtu wa upande wa pili ataona nini. GIF ni ya 1987 na toleo la 1989 ndio likaleta uwazi na muda wa kila fremu, yaani kila picha moja moja kwenye mfululizo, lakini pikseli yake ama ipo ama haipo, hakuna katikati, na rangi mwisho 256. Sasa hapo ndipo saini nyingi zinapoharibika, maana ukichora kwa brashi laini ile kingo ya herufi inakuwa na pikseli za nusu uwazi, GIF haiwezi kuzibeba, basi unakuta zimechanganywa na nyeupe, na mtu akifungua imeli yake kwenye mandhari ya giza anaona jina limezungukwa na ukungu mweupe mchafu mchafu hivi.

GIMP inakupa njia ya kulikwepa hilo. Mimi nachorea kifaa cha penseli badala ya brashi, kingo inatoka kali, pikseli zote ni nzima. Halafu naichora mara mbili ya ukubwa ninaoutaka, yaani kama saini itaonekana kwa upana wa pikseli 300 naitengeneza kwa 600, nikiiweka kwenye imeli naipa upana wa 300. Ikipunguzwa pale kwenye skrini kingo zinalainishwa na kifaa chenyewe, na zinalainika vizuri kwenye nyeupe na kwenye nyeusi pia. Rangi nachagua ya katikati, bluu ya wino au kijani iliyokolea kiasi, nyeusi tupu inapotea kwenye giza.

Kwenye fremu ndio utamu wenyewe. Kila leya, yaani tabaka la picha ndani ya GIMP, ni fremu, ya chini kabisa ndio inaanza, na jina la leya ndio linabeba maelekezo, unaandika kwenye mabano muda kama 80ms, na mabano mengine neno combine (fremu mpya inaongezwa juu ya ya zamani) au replace (mpya inaifuta ya zamani). Kawaida picha ya uwazi inayocheza inataka replace kila fremu, la sivyo ya zamani inabaki inaonekana chini ya mpya. Lakini saini inayojiandika ni tofauti, wino ulioshaandikwa haufutiki, kwa hiyo kila leya naiwekea ule mkato mpya tu wa kalamu na combine, haina haja ya kurudia jina zima. Faili inapungua sana hapo hapo kabla hata hujagusa kingine chochote.

Ukishamaliza nenda Filters, Animation, kuna Optimize kwa ajili ya GIF, inafungua nakala mpya na kazi yako ya mwanzo inabaki salama. Kabla ya kutoa faili nageuza picha kuwa ya Indexed, yaani inayotumia orodha maalumu ya rangi, chache sana, nane zinatosha kabisa, na dithering, ile ya kuchanganya vidoti vya rangi kuigiza rangi isiyokuwepo, naizima maana yale madoadoa yanaongeza uzito bure. Kisha namalizia na gifsicle:

gifsicle -O3 --colors 8 saini.gif -o saini-ndogo.gif

Hiyo ndio amri yote, -O3 ni kubana faili kwa nguvu zaidi na --colors 8 ni kubaki na rangi nane. Ile ya --lossy, inayopunguza uzito kwa kupoteza ubora kidogo, siitumii hapa, hiyo ni ya picha zenye rangi nyingi kama za kamera, kwenye mchoro wa rangi tambarare inakuchafulia kingo ulizozihangaikia. Na usidharau hizi kilobaiti jamani, picha ikiambatanishwa ndani ya imeli inageuzwa kuwa maandishi na inaongezeka kama theluthi moja, 300 inakuwa 400, na inaenda hivyo kwa kila imeli unayotuma na kila jibu linalorudi nayo.

Jambo la kuzingatia sana ni Outlook za Windows za miaka ya nyuma, kuanzia ya 2007, zinaonyesha fremu ya kwanza tu na kuganda hapo. Kwa hiyo fremu ya kwanza naweka jina kamili, ya pili naipa replace ifute, ndio kalamu ianze. Na Loop forever naitoa tiki, icheze mara moja ikae. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka kitu kinachojichezea zaidi ya sekunde 5 kiweze kusimamishwa, na saini haina kitufe cha kusimamisha, na kusema kweli mtu anasoma habari ya malipo huku jina linamchezea chini ni kumsumbua.

Ugumu upo. GIMP menyu zake ni nyingi, mgeni atachukua muda kuzoea, na gifsicle haina dirisha, unaandika amri tu, kuna watu hilo linawatisha. Na kama unataka kivuli laini au mng'aro chini ya jina, GIF haitakupa hata ufanyeje, hapo tafuta namna nyingine. Lakini kwa jina la mkono, mstari safi, rangi moja au mbili, nazipa nyota tano zote, na nikipata kazi ya saini kesho nitazifungua hizi hizi.