Majani ya chai: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Rafu ya chai kwenye supamaketi ya Nairobi au Dar es Salaam imejaa maboksi ya kila rangi, na karibu yote yameandikwa kwamba ni bora. Maandishi hayo hayakusaidii kitu. Kabla hujatoa pesa, jiulize chai hiyo utainywa vipi: na maziwa, ya rangi yenye viungo, au tupu bila hata sukari. Majani yanayofaa sufuria ya maziwa ya watu sita hayafai kikombe kitupu cha alasiri, na kinyume chake ni hivyo hivyo.

Nitaanza na kuonja, maana mpangilio nilioutoa huko chini umetokana na kuonja. Ukifuata njia hiyo hiyo una haki ya kuupinga.

Namna ya kuonja

Tangawizi na sukari vinasitiri chai mbaya. Kwa hiyo onja ikiwa tupu kwanza. Waonjaji wenye kazi yao wana kiwango cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, chombo kikiwa kimefunikwa, kisha inachujwa kwenye bakuli jeupe. Nyumbani unahitaji vikombe vyeupe viwili au vitatu vya ukubwa mmoja, visahani vya kufunikia, chujio na saa ya simu. Kama huna mizani ndogo ya jikoni, tumia kijiko kidogo kilichosawazishwa kwa kisu. Kumbuka tu kwamba kijiko cha punje ndogo ni kizito kuliko kijiko cha majani marefu yaliyosokotwa. Hayo marefu yatahitaji kijiko na kitu. Usichemshe sufuriani siku ya kuonja. Wala usionje chai moja peke yake: iweke ile uliyoizoea pembeni ya ile mpya, la sivyo utajikuta unasifu kila kitu.

Baada ya kuchuja, usiyatupe machicha. Yanuse yangali moto na uyatazame mwangani. Chai nyeusi nzuri huacha machicha ya rangi ya shaba inayong'aa. Yakiwa meusi yaliyofifia au ya kijani chafu, kuna mahali mambo yalikwenda kombo kiwandani. Kisha tazama kikombe chenyewe: wekundu unaong'aa, si weusi wa tope. Halafu piga funda kwa kelele, hewa iingie pamoja na chai. Nyumbani kwetu ungekaripiwa kwa adabu mbovu, lakini hivyo ndivyo harufu inavyopanda puani, na waonjaji wa mnada wa chai wa Mombasa wanalipwa kwa kufanya hivyo.

Mdomoni, tofautisha ukakasi na uchungu. Ukakasi unaokamata ulimi na fizi kisha ukaachia ni sifa; unatokana kwa sehemu kubwa na theaflavini, viini vinavyojengeka majani yanapoachwa yageuke rangi kiwandani baada ya kukatwakatwa. Uchungu unaong'ang'ania kooni ni kasoro, au umepitisha muda. Mwisho tia kijiko kimoja cha maziwa. Chai yenye nguvu hugeuka rangi ya dhahabu iliyokolea, na dhaifu hugeuka kijivujivu. Jaribio hilo moja linatosha kwa mtu ambaye kila siku anakunywa chai ya maziwa.

Kuna jambo linalowatisha wengi bure: chai ya rangi iliyopoa ikapoteza uangavu wake, kama iliyoingia wingu. Haijaharibika. Theaflavini na kafeini zimeshikana maji yalipopungua moto, na chai dhaifu haifanyi hivyo kirahisi.

Maji yana neno lake. Maji ya kisima yenye chumvi, kama tuliyonayo sehemu nyingi za Pwani, huipoza ladha na kuweka utando juu ya kikombe. Onja kwa maji laini, halafu onja tena kwa maji unayoyatumia kila siku, maana hayo ndiyo utakayoishi nayo.

Mpangilio

1. Punje ndogo za pakiti, zisizo na viungo. Hizi ndizo namba moja, na sioni cha kuzitoa hapo kwa nyumba ya kawaida ya Afrika Mashariki. Ni chai ya CTC: majani yanapitishwa kwenye mashine inayoyasaga, kuyachana na kuyaviringisha kuwa punje. Kenya, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, hutengeneza zaidi aina hii. Madaraja yake hutokana na ukubwa wa punje: BP1 ni kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, PD ndogo tena, na D1 ni karibu vumbi. Daraja si cheo cha ubora, ni ukubwa tu. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyotoa rangi upesi, kwa hiyo vumbi la kiwanda kizuri linaweza kuishinda BP1 ya kiwanda kizembe. Kwa chai ya maziwa, tafuta PF1 pale daraja linapoandikwa. Pasipoandikwa, mimina kidogo kiganjani: punje ziwe sawasawa, nyeusi zenye hudhurungi, bila nyuzi nyingi nyekundu. Nyuzi hizo ni vikonyo.

Mahali ilikotoka pana uzito wake. Kwenye mnada wa Mombasa, unaokusanya chai za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko, viwanda vya mashariki mwa Bonde la Ufa, kama vya Kirinyaga, Nyeri, Murang'a na Meru, kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko vya magharibi, na chai za Rwanda mara nyingi huongoza. Juu milimani kwenye baridi mchai hukua polepole na ladha hukolea. Ukipita Kigali, pakiti ya chai ya mlimani ni zawadi nzuri kuliko fulana. Kwa Tanzania, Mufindi, Njombe na Rungwe ndiko utafute.

2. Majani yaliyosokotwa, yaani orthodox. Haya hayasagwi, yanasokotwa na kubaki marefu. Yakitiwa kwenye maziwa mengi ni pesa iliyopotea, lakini kwa chai ya rangi, au mkandaa kama wasemavyo Mombasa, hayana mpinzani. Yana harufu zaidi na ukakasi mpole, na kipande kimoja cha iliki kinatosha kuyapamba. Hapa kwetu yanapatikana kidogo na bei ni kubwa. Njombe na baadhi ya viwanda vya Kenya wanayatengeneza. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka India au Sri Lanka, mwagize Darjeeling ya mavuno ya kwanza, ya Machi na Aprili, au chai ya Nuwara Eliya. Usimwagize Assam ya punje: hiyo ni jamaa ya karibu ya tulichonacho.

3. Mifuko yenye uzi. Safarini ni namba moja, nyumbani ni ya tatu. Piga hesabu: boksi la mifuko 25 ya gramu 2 lina gramu 50 tu za chai. Linganisha na bei ya pakiti ya gramu 50 rafuni hapo hapo, utaona karatasi na uzi vinalipiwa kiasi gani. Ndani mara nyingi ni punje ndogo kabisa, kwa hiyo dakika mbili tatu zinatosha. Chagua iliyofungwa moja moja kwenye bahasha yake, hasa ukienda Pwani kwenye unyevu.

Kuhusu safari, kuna jambo la kujua kabla hujailaumu chai ya hoteli. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam au Mombasa, lakini Nairobi ni kama 94, na ukipanda Limuru yanapungua zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Chai ile ile itatoka nyepesi huko juu. Ongeza dakika moja, au iteleke sufuriani kama wafanyavyo wenyeji. Vilevile, pakiti iliyokufurahisha milimani ikija kuonekana kali nyumbani Tanga, punguza kijiko kabla hujamshuku muuzaji. Wanaokwenda Muscat au Dubai hawahitaji kubeba chochote: karak ya vibandani, ya punje kali, maziwa ya kopo na iliki, mtu wa Pwani ataielewa bila kufundishwa.

4. Chai ya kijani. Mmea ni ule ule. Majani yamepigwa moto mapema yasigeuke rangi. Wengi wanaoichukia wameinyonga kwa maji yanayochemka. Acha maji yapoe hadi nyuzi 75 au 80, dakika mbili, basi. Kama utainunua kwa ajili ya kupunguza unene tu, bakiza pesa yako. Kama unapenda ladha ya majani mabichi, ianze kwa kipimo kidogo.

5. Chai ya zambarau. Ni mchai wa Kenya, aina ya TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011, wenye majani ya zambarau kwa sababu ya anthosayanini, rangi ya asili iliyomo kwenye majani. Kikombeni rangi yake ni hafifu kuliko picha ya boksi. Ikamulie ndimu na itageuka ya waridi, watoto hufurahi. Ladha ni nyepesi, haistahimili maziwa, na bei hailingani na unachopata. Nunua mara moja ya kuonjea, au mpelekee mgeni.

6. Chai iliyochanganywa viungo tayari. Ya mwisho, na hasa ile ya vikapu vya ukili kwenye maduka ya watalii Zanzibar. Viungo vilivyosagwa hupoteza harufu haraka, na ukali wao unamruhusu mchanganyaji kutumia majani ya ubora wowote. Kwa pesa hiyo hiyo, ingia soko la Darajani ununue iliki nzima zenye ganda la kijani lililonona, vijiti vya mdalasini vinavyonukia ukivivunja, na karafuu zenye vichwa vyake. Uvisage mwenyewe kidogo kidogo, na uvichanganye na pakiti ya namba moja.

Mchaichai, rozela na rooibos sikuvipanga kwa kuwa havitokani na mchai. Rozela ya baridi wakati wa joto, hata hivyo, siikatai.

Dukani

Tazama tarehe ya kufungashwa kabla ya bei. Bonyeza pakiti: karatasi tupu isiyo na utando wa ndani hupitisha unyevu. Kisha angalia imepangwa jirani na nini. Chai hufyonza harufu, na maduka mengi ya mtaani huiweka rafu moja na sabuni za unga. Ikinuka sabuni hakuna iliki itakayoiokoa, irudishe. Nyumbani itoe kwenye pakiti, uitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na vitunguu. Nunua gramu 250 badala ya kilo kama mko wawili, hata kama kilo inaonekana rahisi.