Kiko kipya kilichotoka malengelenge kabla ya kushika ukoko

Nimevumilia vya kutosha, sasa naandika. Kiko hiki nilikinunua siku za nyuma kidogo. Umbo lake sitalizungumzia, picha zipo na kila mtu ana macho. Ninalo moja tu moyoni, lililonipata nilipoanza kukizoesha moto.

Wavutaji wenzangu mnajua kwamba kiko kipya hakijazwi mpaka ukingoni siku ya kwanza. Mbao hata ikiwa ilichemshwa na kukaushwa miezi mingi kabla ya kuchongwa, moto wenyewe bado haijaujua. Nilianza na tumbaku theluthi moja ya bori, kile kikombe cha kutilia tumbaku, mara kadhaa, nikivuta taratibu mpaka chini kabisa, maana chini ndiko ukoko unakokawia kushika. Kisha nikapanda nusu. Kila nikimaliza nilingoja kipoe ndipo nichomoe mrija, nikapitisha ndani kijiti cha manyoya cha kusafishia, nikakipumzisha siku nzima. Yote hayo kwa ajili ya ukoko wa kaa wa milimita moja hivi, unaoikinga mbao isiungue.

Sasa sikieni. Nikiwa kwenye nusu bori, mara ya tatu au ya nne, vidole vikaungua upande mmoja. Upande mmoja tu! Anayevuta kwa pupa hukipasha kiko joto pande zote. Hiki kushoto kilikuwa vuguvugu, kulia hakishikiki. Nikakiweka chini. Kilipopoa nikaona vanishi imevimba, malengelenge matatu madogo, kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Nikakwangua moja kwa ukucha. Chini yake hapakuwa na mbao. Palikuwa na tundu lililozibwa kwa gundi na vumbi la mbao, likapakwa rangi, likafunikwa.

Tundu lenyewe si kosa. Braia, mbao iliyochongwa kiko hiki, ni kifundo cha mzizi wa kichaka cha nchi za Mediterania, kinakulia ardhini kati ya mawe na mchanga, na kifundo kisicho na doa ni adimu. Muuzaji akiniambia, "Hiki kina viraka, ndiyo maana bei iko chini," nitanunua kwake na nitamshukuru. Huyu wangu alikinadi kuwa ni mbao safi isiyo na dosari.

Nikamwandikia kwa heshima, nikaambatanisha picha. Akajibu: "Ndugu, kiko hakina shida, shida ni pumzi zako. Jifunze kwanza kuvuta."

Nilisoma mara tatu. Mimi kiko nimekivuta miaka mingi, lakini hata ningeanza jana, je, anayeanza ndiye wa kusemeshwa hivyo? Yeye ndiye anayestahili kuelekezwa kwa upole kuliko sisi wote. Halafu akaniongezea eti nipake asali ndani ya bori. Wapo wanaopaka ili kaa lishike upesi, sigombani nao. Lakini asali itaziba vipi tundu la ukutani lililojazwa gundi?

Nilitaka kukitupa. Sikukitupa. Nilichukua msasa laini nikaitoa vanishi yote, nikarudi tena kwenye theluthi, pumzi fupi fupi, kikizimika nakiwasha upya bila haraka. Na hapa lazima niseme ukweli, hata kama unamnufaisha yule bwana: kiko kinavuta vizuri. Njia ya moshi imetobolewa ikafikia chini kabisa ya bori, palepale inapotakiwa, kwa hiyo tumbaku inaungua yote bila kuacha tope, na ulimi hauumi. Ukoko umeanza kushika, mweusi, sawasawa, isipokuwa kwenye kile kiraka. Pale bado ni mwembamba, na kila nikivuta kidole gumba kinakwenda chenyewe kupima joto. Ukuta ukitoboka, utatobokea hapo.

Mwanzoni nilikusudia kukipa nyota moja. Juzi, baada ya uvutaji mtamu kuliko yote, nikasema basi, tatu. Leo kabla ya kuandika nimefungua tena ule ujumbe, nione kama labda hasira ndiyo iliyonifanya nimwelewe vibaya. Sikumwelewa vibaya. Kiko nabaki nacho, nitaendelea kukilea. Nyota ni moja.