Kutoka sola ya mkopo hadi luku: uzoefu wangu Mufindi

Wenzetu wa Uingereza, mtu akichoshwa na kampuni ya umeme anahamia nyingine bila kubadilisha hata waya. Huku kwetu Mufindi waya ndio unaokuchagua wewe. Kuna vijiji vinatumia umeme wa mto Mwenga, mtambo wa kampuni binafsi wa megawati 4 uliowashwa mwaka 2012, na vingine viko kwenye gridi ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na sidhani kama kuna mwanakijiji aliyeulizwa anataka upi. Kijiji chetu hakikuwa na waya wowote mpaka juzijuzi. Kwa hiyo kuhama kwangu mimi ni kutoka kwenye sola ya mkopo, ile ya kulipia kwa simu, kuja kwenye luku, mita ya TANESCO ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Nimeishi na vyote viwili, naweza kusema.

Kabla sijaendelea, hili linaniwasha: nguzo zenyewe zinatoka kwetu. Mikaratusi inakatwa Mufindi na Njombe, inatiwa dawa viwandani, halafu malori yanazisambaza mikoani. Tumezipisha barabarani miaka na miaka, tukirudi nyumbani tunawasha koroboi. Haya, tuendelee.

Sola sitaisema vibaya yote. Kampuni siitaji, lakini walipokuja walifunga siku hiyohiyo: paneli juu ya bati, betri, taa nne, redio, kiruninga kidogo, na nyaya za kuchajia simu. Watoto walianza kusoma usiku bila moshi puani. Shida ilikuwa kwenye malipo. Unalipia siku, hulipii ulichotumia. Elfu moja kwa siku, uwashe taa zote au ukalale kwa dada yako Iringa wiki nzima na nyumba umeifunga, siku zako zinakwenda tu. Ukichelewa, kiboksi kinajifunga, na giza linakukuta betri ikiwa imejaa jua la kutwa nzima. Hilo ndilo lililokuwa linanitia hasira kuliko yote: umeme upo ndani ya nyumba yangu, umetoka kwenye jua la Mungu, na siruhusiwi kuugusa.

Halafu kuna mwezi wa sita na wa saba. Anayeijua Mufindi anaujua ukungu wake, unashuka kwenye mashamba ya chai hadi huoni mti wa pili. Paneli haipati kitu. Saa mbili na nusu usiku taa zinaanza kufifia, kiruninga kinazima katikati ya taarifa ya habari. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, kwenye mfumo betri yako inaonekana iko sawa." Nikamjibu, "Mwanangu, mfumo uko wapi na mimi niko wapi?" Malipo yakabaki palepale, elfu yao kila siku, jua liwepo lisiwepo.

Nguzo zilipofika nilikuwa nimeshamaliza deni, ila betri nayo ilishachoka, na plagi yake imetengenezwa kwa namna ambayo betri ya dukani haiingii. Lazima ununue kwao.

Sasa luku. Watu wengi wanasikia 27,000, ada ya kuunganishwa vijijini, wanadhani ndiyo imeisha. Hiyo ndiyo hela ndogo. Hela iko kwenye kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Nyumba yangu ya vyumba vitatu na sebule ilinitoka laki tano na ushee, vifaa pamoja na fundi. Nilimchukua fundi wa Mafinga mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya kijana wetu wa hapa kijijini, lakini fomu inataka mhuri wa fundi mwenye leseni, na kijana wetu mhuri hana. Baba watoto alijaribu kuomba punguzo kwa kuacha ethi, ule waya unaoshushwa ardhini. Fundi akamwangalia, akasema, "Mzee, hapa kwenu radi zinapiga namna hii, unataka kuokoa elfu ishirini?" Mjadala ukaishia hapo.

Kwa asiye na uwezo wa kutandaza nyumba nzima, kuna umeta, yaani umeme tayari. Ni kibao kimoja cha kutundika ukutani, kina swichi na soketi zake, unavuta taa kutoka hapo na mambo yanakwenda. Mama mkwe ana vyumba viwili, tumemfungia huo na hajalalamika. Ukiwa na nyumba kubwa hautakutosha.

Maombi nilifanyiwa na mwanangu mkubwa kwenye NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa kuombea umeme, kwa simu, namba ya kitambulisho cha NIDA mkononi. Akaja mtu kupima, ikaja namba ya malipo, nikalipa, nikasubiri. Sina la kusimulia zaidi hapo.

Mita imefungwa nje, ndani tuna rimoti yake ya kuingizia namba. Ukinunua umeme unaletewa tarakimu 20 kwenye meseji. Nyumbani kazi hiyo ni ya mtoto wa darasa la tatu: dada yake anasoma nne nne, yeye anabonyeza ulimi ukiwa nje, na akikosea moja wanaanza upya wakilaumiana.

Someni meseji yenu ya luku, msiangalie yuniti tu. Mimi niko kwenye tarifu ya D1, ya watumiaji wadogo wa nyumbani. Yuniti moja ni shilingi 100 mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, kwa hiyo yuniti inanifikia kwa 122. Yuniti 75 zote ni 9,150. Linganisha na elfu thelathini za sola kwa mwezi, na sola ilikuwa haipigi hata pasi.

Ila hizo 75 ndizo bwana mkubwa wa nyumba sasa hivi. Ukizivuka, kila yuniti ya ziada inaruka kwenda 350 kabla ya kodi, yaani 427 ukishakatwa zote. Na ukizoea kuzivuka, unahamishiwa tarifu ya kawaida, T1, ambayo ni 292 kwa yuniti, ikifika mkononi ni 356. Shemeji yangu wa Mbeya mjini yuko huko, na kila mwezi anakatwa humohumo 1,500 ya kodi ya jengo. Nikimwambia bei yangu anadhani namtania.

Kwa hiyo nimejifunza kuhesabu. Taa ya wati 9 inawaka saa mia moja na zaidi ndipo inakula yuniti moja, hiyo usiigombanie na watoto. Pasi ya wati 1,000 ni yuniti moja kwa saa, basi tunanyoosha za wiki nzima Jumapili jioni kwa mkupuo. Kilichonishangaza ni presha kuka ya umeme. Nilipika maharage, Njano Uyole, bila kuyaloweka, nikasoma rimoti kabla na baada. Haikufika nusu yuniti. Maana yake sufuria ya maharage chini ya shilingi 61! Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo hauupati kwa hela hiyo. Ugali bado tunasonga jikoni kwa kuni, na kwa baridi ya huku jiko la kuni lina kazi nyingine pia, tunaota.

Baba watoto anataka hita ya bafuni, ile ya kuchemsha maji yakiwa yanapita. Nikamwambia tukae na kalamu. Zipo za wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika kumi ni zaidi kidogo ya yuniti 0.8. Tuko watano. Kwa mwezi ni kama yuniti 125, kuoga peke yake, taa bado, maharage bado. Ameikubali hesabu ila hajaikubali baridi, na kila asubuhi ya mwezi wa saba suala linarudi mezani. Kwa sasa maji yanachemshwa kwa kuni.

Kukatika, ndiyo, unakatika. Mvua zikianza kuanzia Novemba, upepo unaangusha mti juu ya waya, au radi inapiga. Ndiyo maana friji nimeliwekea friji gadi, na mawingu yakikusanyika tunachomoa runinga. Zile taa nne za sola sijaziondoa. Betri imechoka lakini saa mbili tatu inafika, na deni limekwisha, hakuna wa kunifungia. Kiruninga cha sola hakikubali umeme wa gridi moja kwa moja, ni cha volti 12. Nilitafutiwa adapta Mafinga, kinafanya kazi.

Kama uko kwenye sola ya mkopo na nguzo zimeshafika kijijini, maliza deni la sola ndipo ulipie luku. Jirani yangu aliliacha deni lake njiani kwa kuwa "umeme wa kweli umefika". Kiboksi kikajifunga, na mti ulipolala kwenye waya, nyumba yake ilirudi kwenye mshumaa, paneli ikiwa juu ya bati.