TAHADHARI: Anayekusanya racheti kuukuu Mtwara kwa "waranti ya maisha" ni tapeli

Ndugu zangu mafundi wa Mtwara mjini, Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, na ninyi wa Lindi, salaam. Kuna kijana anapita gereji kwa gereji akijiita wakala wa makampuni ya spana ya Ulaya na Marekani. Spana mpya anazo za kuonyesha tu. Kinachomleta ni racheti (mpini wenye gia, unaokaza au kulegeza nati bila kuitoa) na boksi (vikombe vya kuvalia nati) zenu za zamani, zile zenye majina makubwa. Anasema zina waranti ya maisha, umpe ile iliyochoka naye atakuletea mpya. Msimpe. Mimi nilimpa yangu na sijaiona tena.

Alifika kwangu mwishoni mwa Oktoba, minada ya korosho imeshaanza. Mnajua gereji zetu zinavyokuwa siku zile: Fuso mbili ziko juu ya jeki, dereva wa tatu anahimiza kwamba ghalani wanamsubiri kupakia, na mfukoni angalau kuna hela. Alinipa shikamoo vizuri, akakaa juu ya tairi akasubiri nimalize kufunga propela. Ovaroli safi, kitabu cha picha za spana, kitabu cha risiti chenye muhuri. Kisha akaomba kuangalia sanduku langu.

Pale ningeshtuka. Muuzaji wa vitu vipya anatafuta nini kwenye vitu vyangu vya zamani? Spana za kawaida za madukani alizipita kama hazipo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye racheti ya nusu inchi, akaipangusa grisi kwa kidole gumba na kusoma maandishi ya kwenye mpini.

Racheti ile ni Gedore, kampuni ya ndugu watatu iliyoanzishwa mwaka 1919 kule Remscheid, Ujerumani. Imegongwa maneno ya Ujerumani Magharibi, maana yake imetengenezwa kabla ya nchi ile kuungana mwaka 1990. Alinipa mzee aliyenifundisha kazi Mikindani, mwaka 2004, macho yake yalipoanza kufifia akaamua kuacha ufundi. Siku ile hakusema maneno mengi. Aliniambia tu nisiigonge kwa nyundo na nisimwazime mtu anayeivisha bomba ili kuongeza nguvu. Nimekaa nayo miaka yote hiyo, nimefungua nayo injini ambazo siwezi kuzihesabu.

Lakini ilikuwa imeanza kuruka. Ukikaza nati ikafika pagumu, inapiga "krak", mkono unakwenda tupu. Yule kijana aliijaribu mara mbili akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee, hii imekufa. Lakini bahati yako, kampuni inaibadilisha bure mpaka mwisho wa maisha. Nipe, ndani ya siku 14 mpya inatoka Dar. Wewe unalipia usafiri na forodha tu, elfu arobaini na tano."

Sikukubali papo hapo. Alinitajia fundi mwenzangu wa Chikongola ambaye tayari ameshaletewa yake. Nikampigia, akasema kweli, ameipata, inang'aa. Nikatuma hela. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, yule kijana akajibu haraka kwamba huyo ni mhasibu wa kampuni. Nikaandikiwa risiti kwa kalamu. Akaiweka racheti ya mzee wangu kwenye begi.

Kiliwasili kitu, baada ya wiki tatu, kwa basi. Kipo kwenye mfuko wa nailoni, kinang'aa kama kioo, jina la kampuni limeandikwa kubwa kuliko lilivyo kwenye racheti yoyote niliyowahi kushika. Wiki ya kwanza kilifanya kazi ndogondogo. Wiki ya pili nilikuwa nalegeza bolti ya mkono wa chini wa Noah, wala si bolti ngumu, kikapasuka ndani. Nilifungua kichwa. Gia ina meno 24, na pale ilipokatika unaona chembechembe za kijivu kama sukari, yaani chuma cha kumimina kwenye kalibu, si chuma cha kufuliwa. Nikapima pembe nne ya kuvalia boksi kwa venia, kile kipimo cha milimita: nusu inchi inatakiwa iwe karibu milimita 12.7, yeye kaniletea 12.2. Ndiyo maana boksi zangu zote zilikuwa zinacheza.

Nilipompigia akasema nikirudishe pamoja na elfu ishirini ya ukaguzi. Nilipomwambia nataka racheti yangu kuukuu, si mpya, simu ikakatwa. Haijapatikana mpaka leo. Na fundi wa Chikongola? Naye yake imepasuka. Alipewa mapema ili awe shahidi bila kujijua, na simlaumu hata kidogo. Tumehesabiana mpaka sasa tuko tisa, wawili kati yetu wamechukuliwa seti nzima za boksi za milimita na za inchi. Bwana mmoja wa Tandahimba alitoa racheti aliyoachiwa na marehemu baba yake. Huyo alishindwa kumaliza maneno kwenye simu.

Sasa nieleze kuhusu hiyo waranti, maana uongo wake ulikaa vizuri kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Waranti ya maisha ya spana ipo. Kwa miaka mingi maduka ya Sears kule Marekani yaliuza spana za Craftsman kwa ahadi hiyo: ikivunjika unaingia nayo dukani, unatoka na nyingine, risiti huulizwi. Hata hivyo mwenye racheti mara nyingi alirudishiwa iliyokwisha kufunguliwa na kuwekewa gia mpya, siyo mpya kabisa. Jina la Craftsman lenyewe liliuzwa kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017, na mwaka uliofuata Sears wakafilisika. Snap-on, iliyoanza mwaka 1920, wauzaji wake huko wanazunguka na magari gereji kwa gereji, wanarudi kwa mafundi walewale, kwa hiyo unajua utamkuta wapi aliyekuuzia. Nadhani huyu kijana aliiga sura hiyo hasa, ya muuzaji anayekufuata kazini. Alichoacha ni ile sehemu ya kurudi.

Popote penye waranti ya kweli kuna kaunta na mtu wa kujibu. Hakuna kampuni inayokutaka utume hela ya forodha kwenye simu ya mtu binafsi ili ikubadilishie spana iliyotengenezwa miaka arobaini iliyopita. Na waranti hizo kwa kawaida hazigusi kifaa kilichochakaa kwa kazi, wala kilichogongwa nyundo, wala kilichovishwa bomba ili kuongezewa nguvu. Tukisema ukweli wa gereji zetu, racheti ngapi zingepita mtihani huo? Kwangu mimi, mwenye duka pale sokoni anayekuambia "ifanyie kazi wiki moja, ikipasuka niletee", na kesho ukienda unamkuta kwenye kiti kilekile, waranti yake ni kubwa kuliko hiyo ya maisha. Mwombe tu akuandikie kwenye risiti ya mashine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba racheti yangu haikuwa imekufa. Nimelijua hilo vizuri baada ya kuipoteza, pale fundi mmoja mkubwa wa Lindi aliponiuliza kama niliifungua kabla ya kuitoa. Sikuifungua.

Ndani ya kichwa cha racheti hakuna uchawi. Kuna gia, kuna ulimi mmoja au miwili inayouma gia, kuna springi ndogo inayousukuma ulimi, na goroli ya kushikilia boksi. Racheti inaporuka, mara nyingi gia ni nzima, ila ulimi hauingii mpaka chini ya jino. Sababu ya kwanza ni uchafu: grisi nzito iliyochanganyika na vumbi na ukungu wa chumvi wa huku kwetu pwani, ikaganda ikawa kama lami. Sisi wenyewe tunaharibu tunapojaza grisi ya beringi tukidhani tunaitunza. Racheti ya meno 72 inauma kila nyuzi 5, jino lake ni dogo sana, grisi nzito inatosha kabisa kuuzuia ulimi. Ya meno 36 inauma kila nyuzi 10, inavumilia kidogo, lakini nayo ina mwisho.

Ifungue juu ya kitambaa cheupe ili springi ikiruka uione. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, usije ukageuza ulimi. Osha kwa dizeli na mswaki mpaka meno yaonekane, kausha, angalia ncha ya ulimi kwenye mwanga. Ikiwa bado ina kona kali, weka matone machache ya oili nyepesi, funga, jaribu. Springi ikiwa imelegea, ya kwenye kalamu ya kubonyeza ukiikata kwa kipimo inasogeza kazi wakati unatafuta ya kufaa. Ikiwa kona ya ulimi imekula ikawa mviringo, au jino la gia limekatika, hapo ndipo kunahitajika vipuri, na kwa majina makubwa ya zamani, gia na ulimi huuzwa kama seti ya matengenezo. Ukiwa na ndugu Dar, mtume aulize kwa duka lenye kaunta. Mpini na kichwa, ambavyo ndivyo chuma chenyewe, vinabaki vyako.

Na tusizionee. Nati ya tairi la Fuso haifunguliwi kwa racheti ya nusu inchi, hata iwe imetoka Remscheid jana. Legeza kwa paoba (mpini mrefu usio na gia) au spana ya tairi, kisha racheti imalizie. Racheti ni ya mwendo, paoba ni ya nguvu. Mzee wangu alikuwa akituambia hivyo kila asubuhi tukiwa vijana wa gereji, na mimi nilichoka kusikia.

Akija kwako, au akija mwingine kwa maneno kama hayo, kwanza usimfungulie sanduku. Mwulize duka lake liko mtaa gani, umtume kijana akaangalie. Akikuonyesha racheti mpya, ivalishe boksi uliyonayo uone inavyocheza, igeuze polepole sikioni uhesabu milio ya mzunguko mmoja, kisha omba kuifungua kichwa mbele yake. Mwenye mali ya kweli hatakasirika. Usiamini kung'aa, kuchovya kromu kunaficha chuma chochote. Wala usiamini maneno "chrome vanadium" yaliyoandikwa kwenye mpini, hilo ni jina la aina ya chuma, si jina la kampuni, na yeyote mwenye mashine ya kuchora anaweza kuliandika.

Aliyekwisha kutuma hela, fanya haya leo, usisubiri twende pamoja. Hifadhi ujumbe wa muamala, usiufute. Piga *106# kuhakikisha kwamba hakuna namba ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wengine wetu alitupiga picha vitambulisho akisema ni vya fomu ya waranti. Namba yake itume 15040, ndiyo inayopokea taarifa za namba za matapeli. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Mimi ninayo, na kadiri tunavyokuwa wengi wenye RB ndivyo jalada linavyokuwa zito. Spana bandia yenye jina la kampuni ya watu ni jambo la Tume ya Ushindani pia, kwa hiyo usiitupe ile iliyopasuka hata kama inakutia hasira. Ni kielelezo. Yangu nimeifunga kwenye gazeti nimeiweka juu ya kabati.

Namba yake na jina alilojiita siviweki hapa, kwa sababu jina huenda ni la kuokota na namba imesajiliwa kwa mtu mwingine ambaye labda naye hana habari. Viko polisi. Umbo lake: mrefu wa wastani, mwembamba, anazungumza kwa upole sana, lafudhi si ya huku Kusini, na begi lake ni la mgongoni, jeusi, lenye zipu nyekundu.

Sasa ombi. Vitu hivi anavichukua kwa sababu vinauzika, kwa hiyo viko mahali, kwenye meza ya mtu au kwenye sanduku la fundi mwenzetu aliyenunua kwa nia njema. Yangu ina alama tatu za tupa upande wa chini wa mpini, karibu na kichwa, alizoweka mzee wangu ili isichanganyike na za wenzake. Ya katikati ni fupi kuliko nyingine mbili. Uliyeinunua sikuulizi uliipata wapi, nitakurudishia hela uliyotoa na nauli juu. Nipo gereji kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, karibu na stendi ya Mkanaledi, ulizia tu kwa madereva wa Fuso watakuonyesha.