Kutoa kopi Kabwe, Mbeya: tulichokiona kwenye karatasi na kwenye kioo

Msimu wa mvua, ukitaka kopi safi za vyeti jijini Mbeya, steshenari ndogo iliyo jirani na stendi ya Kabwe inastahili safari. Wanajua kutunza karatasi, na kwenye kazi hii hilo ni zaidi ya nusu.

Jina la Xerox, kampuni maarufu ya mashine za kopi, limetokana na Kigiriki xeros, yaani kavu. Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York, bila kemikali za maji. Mashine inaipa dramu, silinda inayozunguka ndani yake, chaji ya umeme, mwanga unaifuta chaji palipo peupe, unga wa tona unanasa penye maandishi, unahamia kwenye karatasi, kisha joto linauyeyusha ushike.

Karatasi iliyovuta unyevu huvujisha ile chaji. Tona haihami sawasawa, maandishi yanatoka na mabaka, karatasi mbili zinaingia pamoja na mashine inakwama. Pale Kabwe rimu hufunguliwa inapohitajika tu, zinazobaki hurudishwa kwenye mfuko na mdomo ukakunjwa. Zilizolala kwenye trei usiku kucha hawazitumii kwa kazi ya mteja. Kabla ya kupakia, huzipepeta kingo zote nne. Ni uangalifu wa kupongezwa sana.

Kasoro iko kwenye trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe. Inasoma kupitia kioo chembamba cha pembeni, na hicho hawakifuti mara kwa mara. Tone kavu la wino wa kufutia, dogo kama punje ya ulezi, linachora mstari mweusi kutoka juu hadi chini kwenye kila ukurasa. Ukiuona, omba karatasi ilazwe kwenye kioo kikubwa. Mstari ukipotea, kifutwe kile chembamba kwa kitambaa laini. Ukibaki, huenda dramu imekwaruzwa, na hapo hamia mashine yao ya pili.

Vyeti usikubali vipitishwe juu hata kidogo, vinaweza kukunjamana. Muhuri wa bluu ukitoka hafifu, waongeze weusi hatua moja, si zaidi, la sivyo karatasi nzima inakuwa ya kijivu. Mashine ikiwa imewashwa sasa hivi, sugua kopi ya kwanza kwa kidole: tona ikifutika, joto bado halijatosha, irudiwe.