Kutafuta hati za Kifaransa na Kiswahili kwa kompyuta: uzoefu wangu na Recoll katika ofisi ya mawakili, Lubumbashi

Mkataba mmoja wa kiwanja ulitupotezea siku mbili nzima. Mama mmoja wa Katuba alifika ofisini akitaka nakala ya mkataba ambao marehemu mume wake aliusaini zamani, na mimi nilijua hati hiyo ipo, kwa kuwa niliiskani kwa mikono yangu. Ila faili yake ilikuwa imebaki na jina ambalo mashine yenyewe iliipa, namba tupu isiyosema kitu. Nilifungua faili moja baada ya nyingine mpaka jioni, na kesho yake tena. Metre, mwenye ofisi, hakugomba. Aliniuliza tu kompyuta yangu ina tofauti gani na kabati, na sikuwa na jibu la kumpa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta programu ya kuhifadhi na kutafuta maandishi. Kazi yangu ni kutunza nyaraka, si uhandisi wa kompyuta, na ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyejifunza kwa kujaribu. Majalada yetu yanaanzia miaka ya sitini. Hukumu, hati za ardhi na barua za serikali ziko kwa Kifaransa. Barua za familia, maelezo ya mashahidi na makubaliano ya ndugu mara nyingi yako kwa Kiswahili, na zipo kurasa ambazo lugha hizo mbili zinapokezana ndani ya sentensi moja. Umeme hukatika bila taarifa. Intaneti tunainunua kwa mega. Huduma moja ya kulipia kwa mwezi, inayohifadhi hati katika seva za mbali, niliijaribu kwa wiki mbili nikaiacha, maana kupandisha majalada machache tu kulimaliza mega zote, tena Metre hakupenda siri za wateja zikalale katika nchi nyingine.

Kabla ya kuzijaribu programu nyingine niliandika daftarini maswali ishirini ambayo majibu yake nilikwisha kuyapata kwenye karatasi, yakiwemo ya mkataba wa yule mama. Ninamshauri yeyote anayechagua programu ya aina hii aanze hivyo, kwa sababu kila programu huonekana hodari mtu anapoipa neno la kwanza lililomjia kichwani.

Elasticsearch niliisikia ikisifiwa kuliko zote, na sifa hizo si za bure. Imejengwa juu ya Lucene, mkusanyo wa msimbo wa utafutaji ambao mtengeneza programu Doug Cutting aliuanza mwaka 1999, na inajua tabia za Kifaransa, kwa mfano kuitenga "l" yenye apostrofi ili "l'acheteur" ipatikane kwa kuandika "acheteur" peke yake. Hata hivyo imetengenezwa kwa ajili ya seva, mara nyingi seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na inataka kumbukumbu kubwa ambayo kompyuta yetu ya gigabaiti 4 haina. Kwa ofisi ya watu wanne, ni sawa na kukodi lori la kubebea madini ya shaba ili uende sokoni kununua chumvi.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilinishawishi zaidi, na ndiyo iliyonifundisha tatizo letu halisi liko wapi. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, utafutaji wa maandishi umo ndani ya hifadhidata hiyo yenyewe, na Kifaransa kimo katika lugha inazozijua: ukiandika "vendeur" inakuletea na "vendeurs". Kiswahili hakimo, lakini unaweza kuiagiza ichukue kila neno jinsi lilivyo. Nikadhani hilo linatosha, hasa kwa kuwa inaruhusu kuandika mwanzo wa neno tu na kuiachia mwisho. Ndipo nilipokumbuka kwamba maneno yetu hubadilika mbele. Kiwanja kinakuwa viwanja, shamba linakuwa mashamba, shahidi anakuwa mashahidi. Na kitenzi ndicho kibaya zaidi, kwa maana "aliuza", "tuliuza", "nimeuza" na "hakuuza" hayashiriki hata herufi ya kwanza. Kinachomsaidia Mfaransa hapa hakimsaidii Mswahili. Kuna kiongezo cha PostgreSQL kinachokata maneno katika vipande vya herufi tatutatu, nacho kinaweza kuliondoa tatizo hilo, lakini kukipanga na kukitunza kunahitaji mtu anayeijua lugha ya hifadhidata vizuri, na katika ofisi yetu mtu huyo hayupo.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi maktabani alicheka nilipomweleza. Wao walitumia CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO iliitoa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuigawa bure kwa maktaba, nayo pia, alisema, ilikata neno upande wa kulia tu, kwa alama ya dola.

Recoll ndiyo niliyobaki nayo, na sasa imepita miezi kumi na minne. Ni programu huria inayotumia injini ya utafutaji iitwayo Xapian, na katika Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, inapatikana bila malipo. Haihamishi hati zako. Inazisoma hapo zilipo, iwe ni PDF, faili za Word au barua pepe, kisha inajenga fahirisi yake kando. Faida ya jambo hilo niliiona umeme ulipokatika mara mbili katikati ya kujenga fahirisi: hati zilibaki salama, na nilipoiwasha tena iliendelea na zile zilizokuwa hazijasomwa. Ukitafuta, inakuonyesha dondoo zenye neno lako, na kwa PDF inakutajia namba ya ukurasa. Mtu akiandika "proces" bila alama juu ya "e", inampata "procès" vilevile.

Kuhusu Kiswahili, inakubali alama ya nyota mwanzoni mwa neno. Nikiandika *wanja ninapata kiwanja na viwanja (pia uwanja, lakini hilo navumilia), na nikiandika *uza ninapata karibu kila aliyeuza kitu. Utafutaji wa namna hiyo ni wa polepole kidogo, kwa kuwa injini hulazimika kuipitia orodha yote ya maneno. Neno moja tu limenishinda, nalo ni "mpaka". Ukilitafuta kwa maana ya mwisho wa kiwanja, unaletewa kila barua iliyosema "kuanzia leo mpaka kesho". Siku hizi naandika "mipaka" na kuomba Mungu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni faili ya visawe. Ni faili ya kawaida ya maandishi, na kila mstari wake ni kundi la maneno ambayo programu itayahesabu kuwa ni neno moja wakati wa kutafuta. Kwa watu wa hapa, hiyo ni dawa. Hati ya mwaka 1964 inasema Elisabethville, ile ya 1968 inasema Lubumbashi; Jadotville na Likasi ni mji mmoja; hati za enzi ya Zaire zinautaja mkoa wa Shaba, na baada ya 1997 ni Katanga tena, mpaka mgawanyo wa 2015 ulipotuletea Haut-Katanga. Mstari mwingine unasema kiwanja, viwanja, parcelle, parcelles. Majina ya watu nayo yamo, kwa sababu mwaka 1972 wengi walilazimika kuyaacha majina ya Kikristo, na hivyo muuzaji mmoja anaweza kuwa watu wawili ndani ya jalada lilelile. Ndivyo ilivyokuwa kwa mume wa yule mama: kwenye mkataba yuko kwa jina la ubatizo, kwenye risiti ya kodi yuko kwa jina la babu yake.

Recoll haiwezi kutafuta kisichosomeka, kwa hiyo kila picha ya skana huwa naipitisha kwanza katika Tesseract, programu inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, nikiiambia kwamba ukurasa una Kifaransa na Kiswahili. Kwa hati iliyopigwa chapa vizuri na kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, matokeo ni mazuri. Nakala za kaboni ni shida, na mahali ambapo muhuri umeangukia jina, unasoma takataka. Daftari za mkono tunaziandikia muhtasari wenyewe.

Lawama zangu kwa Recoll ni mbili. Haina haki za watumiaji, yaani anayekaa mbele ya kompyuta ile anaona majalada yote, hivyo nimeifunga kwa neno la siri na ufunguo wa chumba anao Metre. Pia si hifadhidata yenye safu za bei, tarehe na mengineyo: huwezi kuiuliza mikataba yote yenye bei iliyozidi kiasi fulani, na kwa hilo bado ninaweka rejista kando katika LibreOffice.

Katika maswali yangu ishirini ilijibu kumi na saba. Mawili kati ya matatu yaliyobaki yalikuwa ya nakala za kaboni. La tatu lilikuwa jina la mtaa lililobadilishwa, na juzi nimeliongeza kwenye faili ya visawe.