Rangi ya Gata na Mbao za PVC za Ukingo wa Paa: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mwenye nyumba anayetaka kupaka rangi gata za PVC na mbao za plastiki za ukingo wa paa mara nyingi huenda dukani na agizo moja la fundi: alete rangi ya mafuta, kwa sababu ndiyo iliyopakwa kwenye milango na mageti. Agizo hilo linafaa kwa mbao na chuma, lakini PVC, ambayo ni plastiki ngumu, ina tabia yake. Ubao wa mita 4 hurefuka kwa takriban milimita 7 joto lake likipanda kwa nyuzi 30, kisha hunywea usiku, na rangi isiyonyumbuka pamoja nao hupasuka na kubanduka.

Kwa hiyo ninaiweka ya kwanza, tena kwa mbali, rangi ya maji ya akriliki ya nje yenye mng'ao wa wastani. Silki, yaani rangi ya kuta za ndani, isinunuliwe hata ikiwa ya bei nafuu, kwani haikutengenezwa kwa ajili ya jua na mvua. Zichaguliwe nyeupe, krimu au kijivu hafifu: kahawia iliyokolea, ambayo nakiri hupendeza chini ya bati jekundu, hufyonza joto, na PVC, ambayo hulainika kabisa karibu na nyuzi 80, huweza kupinda hata kabla ya kufika hapo.

Ya pili ni akriliki hiyohiyo juu ya praima ya kushikilia rangi kwenye plastiki. Gharama yake huongezeka, hivyo ni vyema kujaribu kwanza: paka kipande kidogo, kiache wiki moja, bandika utepe wa gundi kisha uuvute kwa ghafla. Rangi ikitoka na utepe, praima inahitajika.

Kopo la kupuliza lililoandikwa kuwa ni la plastiki linafaa kwa kona na viungio tu. Rangi ya mafuta ninaiweka mwisho, kwa kuwa hukakamaa na wakati mwingine hubaki ikinata juu ya PVC, na baadhi ya tina za kuizimulia hula plastiki yenyewe.

Kabla ya kufungua kopo lolote, unga mweupe ulioachwa na jua uoshwe kwa sabuni na brashi laini, plastiki ikauke, ikwaruzwe kidogo kwa msasa namba 220, kisha ipakwe tabaka mbili nyembamba upande ulio kivulini. Karibu na bahari chumvi ioshwe mara kwa mara. PVC nyeupe ambayo bado ni mpya haihitaji rangi ili idumu. Maji na sabuni vinaitosha. Iliyopakwa isiegemezewe ngazi kwa takriban mwezi mmoja, kwa sababu plastiki hainyonyi maji na rangi juu yake hukomaa polepole.